Herufi Moja Yatosha Kupoteza Njia

Mabaharia wanaokaribia pwani usiku huitafuta taa ya mnara ili wajue bandari iko wapi. Rubani aliye ndani ya mawingu hawezi kutegemea macho yake. Kwa hiyo wataalamu walimjengea mnara wa namna nyingine, ambao hutoa mawimbi ya redio mahali pa mwanga. Mnara huo husimama ardhini, mara nyingi karibu na uwanja wa ndege, nao hupeleka mawimbi yake pande zote, mchana na usiku. Ndani ya ndege mna mtambo wenye mshale, na mshale huo huuelekea mnara kama ule wa dira unavyoelekea kaskazini.

Lakini minara ni mingi, na mshale hausemi unauelekea upi. Ndiyo sababu kila mnara hulitaja jina lake tena na tena kwa milio ya Morse. Mnara wenye jina la R hutoa mlio mfupi, kisha mrefu, kisha mfupi. Rubani hufundishwa kuisikiliza milio hiyo kwanza, ndipo aufuate mshale. Na kwa kuwa herufi ni chache, minara miwili iliyo mbalimbali huweza kuwa na jina moja.

Sasa sikilizeni yaliyotokea katika nchi ya Kolombia, Amerika ya Kusini, usiku wa tarehe 20 Desemba, 1995. Ndege aina ya Boeing 757 iliyotoka Miami, Marekani, ilikuwa ikishuka kuelekea mji wa Cali, ulio katika bonde lenye milima mirefu kandokando. Ndege ilikuwa imechelewa, na marubani wakakubali kutua kwa njia iliyo fupi zaidi, ipitayo kwenye mnara uitwao Rozo. Mmoja wao akaandika herufi R katika mashine ya kuongozea ndege, akachagua jina la kwanza lililotokea. Kumbe katika mashine hiyo Rozo iliwekwa kwa jina lake zima. R ile ilikuwa ya mnara wa Romeo, karibu na mji wa Bogotá, zaidi ya maili 100 kutoka hapo. Mashine haikubisha. Iliigeuza ndege kushoto, gizani, huku ikizidi kushuka. Marubani walipotambua kosa waligeuka ili warudi bondeni, lakini mlima ulikuwa umekwisha kuwazibia njia. Kati ya watu 163 waliokuwamo, wanne tu ndio waliopona.

Sisi makarani tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Ni mara ngapi faili ya mtu hupelekwa kwa mwingine mwenye jina linalofanana na lake, kwa sababu aliyeipokea alisoma mwanzo wa jina tu? Na mkulima naye, ni mara ngapi huchukua chupa ya dawa ya mifugo bila kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake?

Siku hizi ndege nyingi huongozwa kwa setilaiti, na katika nchi nyingi minara hiyo ya zamani inaondolewa. Hata hivyo desturi yake yafaa ibaki kwetu sote: kwanza ulisikie jina likitajwa, uhakikishe kuwa ndilo, ndipo uifuate njia. Wahenga walisema kweli: Mwenda pole hajikwai.