Gundi au Sindano? Beji za Skauti na Sare za Watoto Wetu

BARAZANI KWA MWALIMU



Mwezi huu nimeletewa swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Mama mmoja wa Mayfair ameniandikia kwamba mwanawe amejiunga na skauti, na kila baada ya majuma machache hurudi na beji mpya mkononi, akitaka iwe imekwisha kaa kifuani kabla ya mkutano unaofuata. Mama huyo hufanya kazi hadi saa mbili za usiku. Amesikia kuwa wazazi wengine hapa Johannesburg hawashoni tena: hupaka gundi, hukandamiza, na kazi ikawa imekwisha. Auliza, je, kuna ubaya gani?

Swali ni la haki, wala sitalijibu kwa kumkemea mtu. Atokaye kazini saa mbili, akapika, akawasimamia watoto masomo yao, hadaiwi na yeyote kukesha na uzi. Hata hivyo, gundi ina hesabu yake, nayo hulipwa baadaye.

Jina la gundi ni moja, lakini tabia zake ni mbalimbali. Ile nyeupe ya watoto wa shule huyeyuka kwa maji. Shati likifuliwa, beji utaikuta ikielea ndani ya beseni. Ile ya mafundi viatu, ya manjano na yenye harufu kali, hushika barabara, ila hupenya kitambaa ikatokeza upande wa pili na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Tena mvuke wake, utokanao na vimiminiko kama tolueni, ndio uliowalevya watoto wa mitaani Hillbrow na Nairobi. Haifai kufunguliwa katika chumba kimoja wanamolala watu watano.

Ipo na ile ya kichupa kidogo, tuiitayo supa gluu, na juu ya hii naomba mnisikilize vizuri. Iligunduliwa Marekani mwaka 1942 na Harry Coover, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Kodak, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Huganda kwa sekunde chache ikikutana na unyevu kidogo tu. Lakini ikidondokea pamba, huganda kwa kasi kubwa zaidi na kutoa joto kali. Moshi waweza kuonekana, na ngozi iliyo chini ya nguo ikaungua. Kwa hiyo asithubutu mzazi kubandika beji kwa gundi hii hali mtoto amelivaa shati, ati kwa kuwa gari limekwisha fika mlangoni. Na hata shati likiwa mezani, gundi hiyo ikikauka huwa ngumu kama ukucha, ikamkwaruza mtoto kifua, kisha hupasuka kitambaa kinapokunjwa. Kuitoa kwahitaji asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nayo yaweza kuharibu rangi na hata kitambaa chenyewe.

Iliyo afadhali ni ile ya pasi. Baadhi ya beji huja na utando wa plastiki mgongoni, ambao huyeyuka kwa joto na kushikana na nyuzi za shati. Juu ya pamba tupu hukaa kwa muda. Lakini mashati mengi ya sare yamechanganywa na poliyesta, na pasi yenye joto la kutosha kuuyeyusha utando huo yaweza kuliacha shati liking'aa mahali pamoja kama suruali ya karani. Baada ya kufuliwa mara kadhaa kwa maji ya moto, pembe za beji huanza kuinuka. Na mtakumbuka jinsi umeme ulivyokuwa ukikatwa kwa zamu mwaka 2022 na 2023: mtu huwasha pasi, mara giza.

Lakini sababu iliyonifanya nishike kalamu si hizi. Ni shati nililooneshwa na jamaa wa familia moja ya hapa hapa mjini. Mtoto wa kwanza alikuwa skauti mdogo, beji zake zote zimebandikwa kwa gundi ya viatu. Alipokua na kupanda daraja, shati likashuka kwa mdogo wake, kama ilivyo ada katika nyumba zetu ambamo sare moja huvaliwa na wawili au watatu. Beji zilibanduliwa kwa kisu. Nyingine ziling'oka pamoja na nyuzi za shati, nyingine zikaacha duara la gundi nyeusi lililonasa vumbi. Basi mdogo mtu alisimama mstarini siku ya kwanza akiwa na alama za beji sita ambazo hakuzipata yeye. Wenzake wakamwuliza alizifanyia nini hata akanyang'anywa. Majuma matatu hakurudi.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya gundi na sindano. Kilichoshonwa hufumuliwa. Ukate uzi kwa wembe, uvute, upitishe pasi ya mvuke, na shati liko tayari kwa mwingine. Beji nayo yabaki nzima, aweza mwenyewe kuihifadhi. Gundi haifumuliki. Kwa mwenye uwezo wa kununua shati jipya kila mara, haya ni mambo madogo. Kwetu sisi ambao twapima nauli ya basi kabla ya kununua mkate, shati ni mali ya watoto wote wa nyumba.

Tena beji si pambo. Vuguvugu hili lina mizizi katika nchi hii tunayoishi. Mji wa Mafeking, ambao leo huitwa Mahikeng, ulipozingirwa na Makaburu kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, wavulana wa mjini walipewa sare na kazi ya kupeleka ujumbe. Kamanda wa Waingereza mjini humo, Baden-Powell, ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha skauti mwaka 1908. (Mwishowe alihamia kwetu Afrika Mashariki, alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri, Kenya.) Hatulazimiki kuzisifu vita zake. Lakini tukumbuke kwamba humu Afrika Kusini skauti wenyewe waligawanywa kwa rangi za ngozi, na ni mwaka 1977 tu walipounganishwa kuwa chama kimoja. Mtoto wa mhamiaji anayesimama leo mstarini na wenzake akiwa na beji ile ile wanayovaa wao, amevaa kitu ambacho watoto wengine wa hapa hawakuruhusiwa kukivaa pamoja. Nampendelea akivae kikiwa kimenyooka.

Sasa nani ashone? Hapa nitamshangaza yule mama: si yeye. Ni mtoto mwenyewe. Mvulana wa miaka minane ana vidole vya kutosha kushika sindano, na aliyefika miaka kumi na mmoja hana udhuru wowote. Nasikia baadhi ya kina baba wakiguna kwamba kushona ni kazi ya wanawake. Waende Darajani, Zanzibar, au Mji wa Kale, Mombasa, watazame ni nani wanaokaa nyuma ya cherehani na kushona kanzu wanazozivaa wao. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, miongoni mwa aliyoyataja ni kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Baada ya hapo sijui mwanamume atasema nini.

Kazi yenyewe haizidi dakika ishirini. Kwanza shati jipya lifuliwe na kukaushwa kabla ya kushonwa chochote, kwa sababu pamba hunywea na beji hainywei. Ukilipuuza hili, beji itafura katikati kama andazi. Kisha beji iwekwe mahali pake kwa kipimo, si kwa jicho, na ishikizwe kwa pini mbili au ipigwe bandi kwa nyuzi ndefu. Ikiwa inakaa juu ya mfuko, tia kipande cha boksi ndani ya mfuko, usije ukaushona mfuko ukafunga. Nimewaona watu wazima wakilifanya hilo. Uzi uwe wa poliyesta, wa rangi ya ukingo wa beji, nao ukunjwe mara mbili. Sindano ianzie ndani ili kifundo kifichike, itokeze pembeni kabisa mwa ukingo, irudi ndani ya ukingo, na hivyo hivyo kwa hatua fupi hadi pale ulipoanzia. Mshono wa kwanza utapinda. Wa tatu utanyooka.

Simkatazi mtu gundi moja kwa moja. Ile gundi kavu ya kijiti wanayotumia watoto shuleni yafaa badala ya pini: paka kidogo, beji itulie, kisha shona, shati likifuliwa gundi huondoka na uzi ukabaki. Na mwenye macho hafifu au vidole vyenye baridi yabisi, ambaye hana mtoto wa kumshonea, atumie ya pasi wala asione haya, ila azungushe mishono minne kwenye pembe.

Sindano, nyuzi na subana vinapatikana Oriental Plaza, Fordsburg. Wafanyabiashara wengi wa mwanzo pale walihamishwa kwa nguvu kutoka Pageview katika miaka ya 1970 kwa sheria za ubaguzi wa makazi, na maduka ya vitambaa na vifaa vya kushonea bado yapo. Pakiti moja ya sindano yatosha nyumba mbili, basi gawaneni.

Wenye watoto wa skauti, wavulana na wasichana, nawakaribisha Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya Adhuhuri, katika darasa la chini la madrasa. Kila mtoto aje na shati lililokwisha fuliwa, beji zake, na sindano yake. Mimi nitakuja na mkasi na miwani, lakini kuutunga uzi kwenye tundu la sindano nitaomba wanitungie wao.