Asumini Si Pambo

Mwandishi mmoja anadai kwamba asumini, mwezi na mawimbi katika mashairi ya taarabu ni mapambo ya kumfurahisha Sultani tu. Sikubali hata kidogo. Kweli, taarabu ilitamba kwanza katika kasri la Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, tena kwa Kiarabu. Lakini Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, aliiimba kwa Kiswahili na kurekodi Bombay mwaka 1928. Na asumini yenyewe huchumwa ikiwa bado tumba, ikachanua usiku kichwani mwa mwanamke. Mshairi akiitaja, hana haja ya kutaja chumba wala mpenzi: msikilizaji wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Zanzibar, ameshaelewa, na jirani mpekuzi hana ushahidi. Pambo gani hilo? Ndugu yangu, kasikilize tena, bibi yako akiwa pembeni.