Umeme na Kifafa

Msomaji, wako wasemao kwamba kutia nyaya katika ubongo wa mtu ni kuichezea roho yake. Hoja hiyo ni dhaifu. Ubongo wenyewe hufanya kazi kwa umeme, na kifafa ni dhoruba ya umeme huo. Si pepo wala laana. Katika kila wagonjwa 10, yapata 3 hawatulizwi na dawa. Mwaka 2018 Marekani iliwaruhusia watu wazima wa namna hiyo chombo kifukiwacho kifuani, kipelekacho umeme mdogo ubongoni. Hakiondoi maradhi, hupunguza kuanguka. Je, aangukaye motoni angojee hofu yetu iishe? Mwenye kukataza tiba na aonyeshe iliyo bora. Akishindwa, anyamaze, mgonjwa achague mwenyewe.