Dereva amehukumiwa, barabara je?

Natoa maoni yangu kuhusu ajali, na hasa kuhusu mazoea yetu ya kudhani kwamba ajali imekwisha mara tu dereva anapokamatwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha Darasa la Tano habari za usafiri, nikawaeleza juu ya treni zinazopita chini ya ardhi katika miji mikubwa. Mtoto mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, dereva wa treni hiyo akizimia, nani atashika breki?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo limewahi kuulizwa na watu wazima, tena baada ya msiba mkubwa.

Katika London, kwenye eneo la mabenki na makampuni liitwalo City, kuna stesheni inayoitwa Moorgate. Ilifunguliwa mwaka 1865, na mwaka 1904 ikaongezewa reli nyingine iliyochimbwa chini zaidi. Reli hiyo ya chini iliishia hapo hapo Moorgate. Mbele ya jukwaa la abiria kulikuwa na handaki fupi la mita kama 20, mchanga uliomwagwa juu ya reli, kizuizi, na kisha ukuta. Hakuna mbele tena.

Ijumaa tarehe 28 Februari 1975, saa 2.46 asubuhi, treni ya mabehewa sita iliyojaa watu waendao kazini iliingia stesheni hiyo bila kupunguza mwendo. Ilipita jukwaa lote, ikaingia katika handaki lile fupi na kugonga ukuta. Behewa la kwanza, lenye urefu wa mita 16, lilijikunja likabaki mita 6 hivi. Watu 43 walikufa, dereva akiwa mmojawapo, na wengine 74 waliumia. Kule chini hewa husukumwa na treni zenyewe zinapopita. Treni ziliposimama, hewa nayo ilisimama, na joto likazidi nyuzi 40 huku waokoaji wakikata vyuma kumfikia majeruhi mmoja mmoja. Majeruhi wa mwisho walitolewa usiku. Mwili wa dereva ulifikiwa baada ya siku nne.

Wachunguzi walipima kila kitu. Breki zilikuwa nzima, reli nzima, taa za ishara nzima. Dereva alikuwa mtu wa miaka 56, na wenzake walimfahamu kuwa ni mwangalifu. Treni yenyewe ilikuwa na mpini wa usalama ambao dereva hulazimika kuukandamiza muda wote. Akizimia na kuuachia, breki hushika zenyewe. Lakini siku ile mkono wa dereva haukuuachia mpini. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa kwa ajili ya dereva aliyezimia hakikufanya kazi, kwa sababu kilikuwa kinalinda namna moja tu ya kosa. Taarifa iliyotolewa mwaka 1976 ilisema kwamba chanzo ni mwenendo wa dereva peke yake, lakini kama aliugua ghafla au alikusudia, ushahidi haukutosha kusema. Hadi leo haijulikani.

Ndugu Mhariri, hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu tufikiri pamoja. Wahusika wangeweza kuishia hapo. Kosa la dereva, naye amekwisha kufa, basi faili lifungwe. Lakini wao waliendelea kuuliza: imekuwaje kosa la mtu mmoja likaachiwa njia mpaka ukutani? Baada ya hapo, katika stesheni za reli hizo za chini ambako njia inaishia ukutani, ukawekwa utaratibu mpya. Treni ikiingia kwa mwendo uliozidi kiasi, mkono wa chuma ulio kando ya reli hugusa kifaa kilichoko chini ya treni, na breki hushika. Mkono huo haumwulizi dereva kama ni mzima au mgonjwa, mwema au mbaya. Moorgate ingali inatumika na maelfu ya wafanyakazi, na mwaka 2013 mnara wa kumbukumbu ya marehemu hao ulizinduliwa katika bustani iliyo karibu.

Sasa nirudi kwetu. Shule yangu iko upande mmoja wa barabara kuu, na nyumba nyingi za kijiji ziko upande wa pili. Kibao cha kilomita 50 kipo, lakini mteremko unaanza hapo hapo, na magari yanayotoka mbali huuona mteremko kabla ya kukiona kibao. Mwaka juzi mtoto wa Darasa la Pili aligongwa na lori akivuka kurudi nyumbani mchana. Alifariki njiani kabla ya kufika hospitali. Mimi ndiye niliyekwenda kumwarifu mama yake shambani, na sitaki mwalimu mwingine yeyote atumwe kazi ile.

Dereva hakuwa mlevi. Alisema alisinzia kidogo tu, baada ya kuendesha tangu alfajiri. Alishtakiwa, akahukumiwa, na haki ilikuwa hivyo. Wananchi waliridhika, na mimi pia siku ile niliridhika. Miezi michache baadaye kamati ya shule iliandika barua kwa wahusika kuomba matuta na alama za kivuko. Jibu tulilopewa kwa mdomo ni kwamba shauri lile lilikwisha kumalizika mahakamani. Kana kwamba tulikuwa tunaomba mtu mwingine afungwe!

Naelewa kwamba matuta pekee hayatamaliza ajali, na kwamba barabara kuu haiwezi kuwekwa matuta kila mtu anapotaka. Naelewa pia kwamba wako madereva wazembe wanaostahili adhabu kali, na trafiki wenye tochi wanafanya kazi kubwa. Lakini tochi inakwenda nyumbani jioni, na adhabu humfikia mtu baada ya kugonga. Dereva anayesinzia haogopi jela, kwa sababu amesinzia. Anahitaji kitu kitakachomtikisa kabla hajawafikia watoto.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila ajali ya barabarani inayoua mtu ichunguzwe mara mbili: nani alikosa, na ni kitu gani mahali pale kiliruhusu kosa lile kuua. Jibu la swali la kwanza lisitumike kufunga la pili. Pili, shule zote zilizo kando ya barabara kuu zikaguliwe, na zile ambazo watoto wao wanavuka ziwekewe matuta, alama na vibao mahali vinapoonekana mapema. Mkutano wa kijiji chetu umekubali kuchangia mawe, mchanga na nguvu kazi. Hatuwezi kujiwekea matuta wenyewe barabarani bila ruhusa, wala si halali. Tunachongoja ni fundi na kibali.

Mtoto yule wa Darasa la Tano bado ananidai jibu. Nilimweleza habari za mkono wa chuma wa London, akaridhika, kisha akauliza: "Na hapa kwetu, Mwalimu?" Naomba wanaohusika wanisaidie kumjibu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.