Pensheni ya wazee ifike na huku Suma

Ndugu Mhariri,

Mama mkwe wangu amelima migomba na chai maisha yake yote, lakini hana pensheni. Namtunza kwa kidogo tulichonacho: ndizi za shambani, maharage, kikombe cha maziwa jioni. Kipande cha sabuni nakikata mara mbili. Sijajuta hata siku moja. Usiku mvua ya Rungwe ikipiga bati, wanangu humzunguka jikoni. Kinyakyusa wamekipata kwake, si kwangu.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini wakulima wazee kama mama mkwe wangu bado hawana pensheni. Wabunge wetu, wasemeeni wakulima hawa wangali hai.

Msomaji,
Suma, Rungwe