Daftari la Wiki: Slaidi Mpya, Kompyuta ya Zamani

Safari ya faili

Kuhifadhi wasilisho la slaidi katika muundo wa zamani ni kuliandika upya faili ili lisomeke na programu ya toleo lililotangulia. Kazi hiyo ina nafasi yake Nakasero, kilima cha Kampala kilichobeba Bunge, Wizara ya Fedha, balozi kadhaa na hoteli za mikutano kama Serena na Sheraton. Slaidi nyingi zinazotengenezwa pale huonyeshwa kwingine. Mshauri huziandaa kwenye laptopu mpya, akazitia kwenye flashi, akaenda nazo hadi ofisi ya wilaya, shule au ukumbi wa kanisa. Huko hukuta kompyuta iliyounganishwa na projekta tangu zamani, nayo bado inatumia programu ileile iliyokuja nayo.

Kompyuta hizo zina historia. Kwa miaka mingi ofisi na shule za Uganda zilitegemea mashine zilizokwisha kutumika Ulaya, Marekani na Asia. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2009 serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwamo, lakini zile zilizokwisha kuingia ziliendelea na kazi. Ndiyo maana mwenye slaidi hana budi kuijua mapema mashine itakayolifungua faili lake. Akishaijua, uchaguzi wa muundo huwa mwepesi.

Miundo na miaka yake

PowerPoint ilizaliwa katika kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought, kwa kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin. Toleo la kwanza lilitoka Aprili 1987, kwa kompyuta za Macintosh tu. Mwaka huohuo Microsoft iliinunua kampuni kwa dola milioni 14, na toleo la Windows likafuata mwaka 1990.

Miaka ya mwanzo muundo wa faili ulibadilika mara kwa mara. Badiliko la PowerPoint 97 lilikuwa kubwa kiasi kwamba watumiaji walipewa njia ya kuhifadhi faili moja lenye nakala mbili ndani yake, moja ya toleo la 95 na nyingine ya 97. Faili la aina hiyo lilifunguka pande zote mbili, ila lilinenepa. Baada ya hapo pakatulia: matoleo ya 97, 2000, 2002 na 2003 yote yalitumia muundo mmoja, ule wenye kiendelezi cha .ppt.

Utulivu huo uliisha na Office 2007, iliyoingia madukani mwishoni mwa Januari 2007 na kuleta .pptx. Mwaka huo Nakasero ilikuwa na wageni: wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Kampala tarehe 23 hadi 25 Novemba 2007, katika hoteli ya Serena, iliyokuwa Nile Hotel kabla ya kujengwa upya. Mikutano iliyofuata kwenye kumbi za kilima hicho ilikuta aina mbili za mafaili zikiishi pamoja, na mafundi wa kumbi wakalazimika kuzizoea zote.

Kilichomo ndani

Faili la .ppt ni furushi la data za kompyuta ambalo halisomeki kwa jicho. Maandishi yamo katika mkondo mmoja wa data, picha katika mwingine. Kwa muda mrefu maelezo kamili ya mpangilio huo hayakuwa wazi kwa kila mtu. Microsoft iliyaweka hadharani mwaka 2008.

Faili la .pptx ni kabrasha la zip. Ndani yake kila slaidi ni faili dogo la maandishi ya XML, na picha zote ziko kwenye folda iitwayo media. Muundo huo ulipitishwa kuwa kiwango cha shirika la viwango la Ecma Desemba 2006, na cha ISO mwaka 2008, kwa namba 29500. Kuna faida ya papo hapo kwa mtu wa kawaida: wasilisho likiharibika na kukataa kufunguka, mara nyingi picha zake huokolewa kwa kubadilisha kiendelezi kuwa .zip na kulifungua kama kabrasha.

Kubadilisha kiendelezi, hata hivyo, hakubadilishi muundo. Faili la .pptx lililopewa jina la .ppt limebaki kuwa .pptx, na PowerPoint 2003 peke yake haitaliweza. Ugeuzaji wa kweli hufanywa ndani ya programu: hufunguliwa menyu ya Faili, ikachaguliwa amri ya kuhifadhi kwa jina jingine, kisha katika orodha ya aina za mafaili ikachaguliwa PowerPoint 97-2003.

Zamani palikuwa na dawa kwa upande wa mpokeaji pia. Microsoft ilitoa bure kifurushi cha upatanifu kilichoiwezesha Office 2000, XP na 2003 kufungua mafaili mapya, pamoja na programu ndogo ya kutazama slaidi tu. Vyote viwili viliondolewa Aprili 2018. Kwa hiyo kompyuta ya zamani ambayo haikuwekewa kifurushi hicho wakati wake humtegemea mtumaji.

Vinavyopotea njiani

Muundo wa zamani haukuwa na mahali pa kuweka mambo yaliyobuniwa baadaye. Programu inapohifadhi kwa .ppt hulazimika kuyageuza au kuyaacha. Michoro ya SmartArt huwa picha. Maneno yaliyomo hayawezi tena kusahihishwa kwenye mashine ya zamani. Milinganyo ya hesabu nayo huwa picha. Vivuli laini huwa vivuli vikavu. Chati hubadilika kuwa vitu vilivyopachikwa, na huweza kuonekana tofauti zikihaririwa. Mgawanyo wa slaidi katika sehemu hufutwa. Miondoko mipya kati ya slaidi hubadilishwa na iliyo sahili au huondoka kabisa.

Video ndiyo huumia zaidi. Tangu toleo la 2010, video hukaa ndani ya faili. Ikihifadhiwa kwa .ppt, hubaki picha moja iliyosimama. Mkufunzi wa afya aliyetegemea filamu fupi ya namna ya kunawa mikono atajikuta na picha ya bomba.

PowerPoint ina kikaguzi cha upatanifu, kinachopatikana katika menyu ya Faili chini ya taarifa za wasilisho. Hutaja kila kitakachobadilika na slaidi kilipo. Anayekitumia kabla ya kuhifadhi hupata nafasi ya kuamua mwenyewe: mchoro wa SmartArt anaweza kuuvunja na kuuchora kwa visanduku na mishale ya kawaida, na chati akaigeuza jedwali.

Kanuni inayotokana na hayo ni moja. Kazi yote ifanywe kwa muundo mpya, faili la asili lihifadhiwe, na nakala ya .ppt itolewe mwishoni kwa jina lake lenyewe. Anayeanza na .ppt hufanya kazi katika hali ya upatanifu, huku programu ikimfungia baadhi ya zana zake. Anayehifadhi .ppt na kufuta asili hubaki na picha mahali palipokuwa na michoro.

Sauti zilizoachwa nyumbani

Katika PowerPoint 2003, sauti ya WAV isiyozidi kilobaiti 100 huingia ndani ya faili. Iliyo kubwa zaidi huachwa nje, na wasilisho hubeba anwani yake tu. Kikomo hicho kinaweza kuongezwa katika mipangilio, lakini MP3 na video huachwa nje daima. Mtu akinakili .ppt peke yake kwenye flashi, huwa ameiacha sauti kwenye kompyuta ya ofisini. Dawa ni kuweka sauti, video na wasilisho katika folda moja kabla ya kuziingiza kwenye slaidi, kisha kubeba folda nzima. PowerPoint 2003 na zilizofuata zina amri ya kufungasha kwa ajili ya CD, inayokusanya vyote hivyo pamoja.

Fonti na herufi

Office 2007 ilileta pia Calibri, fonti iliyokuwa chaguo la kawaida kwa miaka mingi. Kompyuta ya Windows XP yenye Office 2003 haina Calibri, hivyo huweka fonti nyingine badala yake, kwa kawaida pana zaidi. Mistari hurefuka, kichwa cha slaidi hugawanyika mara mbili, na maneno ya mwisho hutoka nje ya kisanduku. Arial na Times New Roman zipo karibu kila mahali. Slaidi zilizoandikwa kwa fonti hizo husafiri salama.

Uganda ina jambo la ziada. Tahajia ya Luganda inatumia herufi ŋ, ambayo Kiswahili huiandika ng', kama katika ng'ombe. Arial ina herufi hiyo, lakini fonti nyingi za mapambo hazina. Badala yake hutokea kisanduku kitupu au herufi ya sura nyingine kabisa. Muundo wa .ppt kuanzia toleo la 97 unaihifadhi ŋ bila taabu, kwa hiyo kosa likitokea wa kuangaliwa ni fonti. PowerPoint ya Windows inaweza kupachika fonti ndani ya faili, mradi leseni ya fonti inaruhusu.

Upana wa ukuta

Hadi toleo la 2010, slaidi ya kawaida ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, yaani inchi 10 kwa 7.5. Toleo la 2013 lilifanya 16 kwa 9 kuwa kawaida, inchi 13.33 kwa 7.5. Kuhifadhi kwa .ppt hakurudishi umbo la kwanza. Projekta ya zamani yenye nukta 1024 kwa 768 itaionyesha slaidi pana ikiwa na pande nyeusi juu na chini, na maandishi yatakuwa madogo kuliko ilivyokusudiwa. Ukubwa wa slaidi hubadilishwa katika menyu ya Usanifu, na inafaa ubadilishwe mapema, kwa sababu picha na visanduku huhitaji kupangwa upya baadaye.

Makro na tahadhari

Faili la .pptx haliwezi kubeba makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Lenye makro huitwa .pptm, na jina lake ni onyo. Faili la .ppt linaweza kuwa na makro bila jina kuonyesha lolote. Ndiyo sababu baadhi ya ofisi huzuia .ppt kwenye barua pepe, na matoleo mapya ya Office yanaweza kuwekwa yafungue mafaili ya zamani katika hali ya ulinzi tu. Office 2003 yenyewe haijapata marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014, siku moja na Windows XP. Flashi inayopita kwenye mashine kama hizo ikaguliwe kabla ya kurudi kwenye laptopu ya ofisi.

Nje ya Microsoft

Wasiotumia PowerPoint nao wana njia zao. LibreOffice Impress, isiyolipiwa, hufungua na kuhifadhi .ppt na .pptx, ingawa muundo wake wa asili ni .odp. Keynote ya Apple hutoa .pptx, na pia .ppt kwa anayeichagua katika mipangilio ya ziada. Google Slides husoma .ppt lakini haitoi; hutoa .pptx, .odp na PDF.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa jinsi miundo inavyopitwa. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilitokana na OpenOffice ya kizazi cha kwanza, iliyohifadhi slaidi kwa kiendelezi cha .sxi. Mwaka mmoja baadaye OpenOffice 2.0 ilihamia .odp. Leo faili la .sxi hufunguka kwa LibreOffice, lakini PowerPoint hailitambui. Muundo ulio wazi hausalimiki na uzee. Ila huacha njia ya kusomwa na wengine.

PDF kwa wachapaji na kwa kumbukumbu

Chini ya kilima cha Nakasero, ng'ambo ya Barabara ya Kampala, iko Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Kwa mchapaji, .ppt na .pptx zote zina hatari ya fonti kubadilika. PDF inafaa zaidi, kwa kuwa fonti na mpangilio vinaweza kufungiwa ndani yake. Inafaa pia kuwa akiba ya msemaji: kompyuta ikigoma kufungua wasilisho, PDF inaweza kuonyeshwa ukurasa kwa ukurasa ikijaza skrini, bila miondoko wala sauti.

Hatima ya mwisho ya slaidi za serikali ni kumbukumbu. Uganda ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001, na kituo cha taifa cha nyaraka kiko upande wa Wandegeya wa kilima cha Nakasero, baada ya hifadhi hiyo kukaa miaka mingi Entebbe. Karatasi iliyokaa miaka hamsini husomwa kwa macho. Slaidi huhitaji programu, na PowerPoint ya leo haifungui tena mafaili ya toleo la 95. Kwa kuhifadhi muda mrefu, .ppt si chaguo zuri hata kama linafunguka leo. Kinachofaa ni mafaili mawili yakae pamoja: .pptx au .odp kwa atakayetaka kuhariri, na PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha ISO mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kudumu, kwa atakayetaka kusoma. Nakala ya .ppt hutolewa kutoka kwenye asili pale tu mashine ya zamani inapoihitaji.