Mkanda wa kupandia miamba si jezi, usichaguliwe kwa rangi

Mchezaji akiingia uwanjani na daluga zinazombana, atachechemea kidogo, kocha atamtoa na mwingine ataingia. Mpanda miamba hana benchi la akiba. Mkanda wake ukimwangusha akiwa juu, mechi imeisha.

Vijana wanaokwenda Hell's Gate, Naivasha, kujaribu mwamba wa Fischer's Tower wanafaa kulijua hilo. Tangu mchezo huu uingie Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo mwaka 2021, si mchezo wa kubeza tena. Lakini wapo wanaochagua mkanda kama wanavyochagua jezi: rangi kwanza, mengine baadaye.

Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukishakazwa, usiteremke hata ukivutwa kwa nguvu, maana anayeanguka kichwa chini anaweza kuchomoka. Vitanzi vya mapajani viache kiganja kipite na goti likunjike bila taabu.

Kioo cha dukani hakisemi ukweli. Mnunuzi aombe kuning'inia kwa dakika kadhaa. Miguu ikianza kufa ganzi, huo si wake, hata uwe wa bei gani.

Kisha aangalie anakoenda. Wa ukuta wa ndani anatosheka na mkanda mwepesi. Anayeota Batian, kilele cha mita 5,199 Mlima Kenya, anahitaji vitanzi vinne hivi vya kutundikia vifaa, na vya mapajani vinavyolegezwa, kwa kuwa kule suruali ni nzito kwa sababu ya baridi.

Mtumba je? Jezi ya mtumba haina neno. Mkanda wa mtumba ni kamari, kwani hakuna ajuaye umeanguka mara ngapi au umechomwa na jua kiasi gani. Mpya nao uwe na alama ya EN 12277 au UIAA, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huupa kikomo cha miaka 10, hata kama haujavaliwa.

Anayedhani ustadi unatosha amkumbuke Todd Skinner, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa miamba. Alifariki Yosemite mwaka 2006 baada ya kitanzi cha mbele cha mkanda wake kukatika. Kilikuwa kimechakaa, naye alijua. Alikuwa tayari ameagiza mkanda mpya.

Kwa hivyo wanaokodisha vifaa waache wateja waukague mkanda kabla ya kuuvaa, na uliochakaa wautupe, wasiuweke akiba. Mteja naye asione haya kuuliza una miaka mingapi. Akijibiwa kwa hasira, afunge safari arudi nyumbani akatazame mpira. Mwamba utakuwepo wikendi ijayo.